Taa Kabla ya Wakati

Somo: Yeremia 8:7

Yeremia anasema ndege wa angani wanajua majira yao. Kwani wana kalenda?

Kule kaskazini kwenye baridi, siku zikifupika, viungo vya uzazi vya ndege wengi hunywea vikabaki vidogo sana. Mchana ukirefuka, mwanga hupenya mfupa wa kichwa hadi ndani ya ubongo, hata bila kupitia macho. Ubongo huamsha tezi iliyo chini yake, tezi humwaga homoni kwenye damu, na viungo vile hukua tena. Miaka ya 1920, mtafiti William Rowan kule Edmonton, Canada, aliweka ndege wadogo nje kwenye baridi kali, akawaongezea mwanga wa taa kidogo kidogo kila siku. Katikati ya baridi, miili yao ikajiandaa kuzaa! Joto halikuwepo. Kilichoongezwa ni mwanga.

Huku kwetu ikweta mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, ndiyo maana wafugaji wa kuku wa mayai huongeza taa hadi kama saa 16. Nami na digrii yangu ya biashara nikapiga hesabu. Nikakopa chama, nikanunua kuku wachanga, nikawawashia taa wakiwa na wiki 14. Mbona niwalishe bure mwezi mzima? Walitaga mapema, kweli, lakini mayai madogo yasiyouzika. Halafu wengine njia ya mayai ikatoka nje, na wenzao wakawadonoa hadi kufa. Homoni ilikuwa imefika, mwili bado. Huo mkopo nalipa mpaka leo.

Hiyo ni pesa tu. Kuna ndugu aliokoka hapa, ana sauti, ana moto. Mwezi wa pili nikampa maikrofoni, wa tatu nikampa vijana wote. Onyo la Paulo katika 1 Timotheo 3:6 nilikuwa nimelisoma. Alipoanguka tulimdonoa, nami nikiwemo. Akaacha kuja.

Wiki jana nilimpigia, akashika. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliwasha taa mapema, nikamsimulia na ile habari ya kuku. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Pasta, wale waliodonolewa, kuna waliopona?"

Wachache, nikamwambia, wale niliowahi kuwatenga.

Alhamisi anakuja kwangu tunywe chai. Tafadhali, mkimwona Jumapili, msalimieni tu. Maikrofoni iacheni.