Gamba la Ubongo na Lawama ya Mtu

Ubongo wa mwanadamu umefunikwa kwa gamba la rangi ya kijivu, unene wake milimita 2 hata 4, nalo limekunjamana lipate kuenea ndani ya fuvu. Upande wa kisogo hufasiri yaonwayo na macho. Ubavuni hufasiri sauti. Hayo hayamtatizi mtu. Tatizo laanza kwenye sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, kwani hiyo ndiyo imsaidiayo mtu kuzuia ghadhabu na kupima neno kabla ya kulinena.

Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, Phineas Gage, mnyapara wa wapasua miamba ya njia ya reli, alikuwa akishindilia baruti kwa mtaimbo. Baruti ikalipuka. Mtaimbo ule, wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa ratili 13 na robo, ukamwingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Hakufa, alisema baada ya dakika chache, akachukuliwa kwa gari la ng'ombe hali ameketi. Lakini tabibu wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 ya kuwa mtu yule, aliyekuwa mtaratibu na mwenye kupendwa na wakubwa wake, aligeuka mkaidi mwenye matusi, apangaye jambo na kuliacha mara. Waliomwajiri wakakataa kumrudisha.

Je, aliyetukanwa naye alikuwa na haki ya kumlaumu? Sheria ya Kiislamu humwondolea mwenda wazimu taklifu, kwa kuwa akili ndiyo sharti lake. Lakini Gage hakuwa mwenda wazimu: alikumbuka ya nyuma, na watu wake aliwatambua. Kilichopungua ni hatamu. Kumlaumu sawa na mtu mzima ni kama kumdai kiwete mbio. Na kumwondolea lawama yote ni kumtoa katika hesabu ya watu, na hilo nalo ni dhuluma.

Wasimulizi wengi hukomea hapo, nao hukosea. Mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akakaa karibu miaka 7 akiendesha magari ya abiria yakokotwayo na farasi, kazi itakayo saburi na kuchukuana na wageni. Wako wataalamu wa leo waonao ya kuwa utaratibu wa kazi ile, kila siku namna moja, ulimrudishia sehemu ya adabu iliyopotea. Basi waliomfunga mlango Vermont nao wana lao la kuulizwa.

Alikufa California mwaka 1860, baada ya kushikwa na kifafa. Fuvu lake na mtaimbo ule vimehifadhiwa Boston.