Ahadi ya Milele kwa Ajili ya Bata

Je, mtu aweza kuweka ahadi leo itakayomfunga mjukuu ambaye hajazaliwa, na kumfunga si kwa ajili ya deni wala ya jamaa, bali kwa ajili ya bata mwitu? Swali hili laweza kumchekesha msomaji. Lakini katika mbuga za Marekani watu wamelibishania miaka mingi, hata likafika mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi ile. Na ukilitazama vizuri, ndugu msomaji, utaona ya kwamba si habari ya bata peke yao.

Yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Toka Alberta, Saskatchewan na Manitoba huko Kanada, kushuka hadi Dakota zote mbili, Minnesota na Iowa, kuna nchi ya majani ambayo zamani ililaliwa na barafu nene. Barafu hiyo ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha mashimo yasiyohesabika, na kila mwaka theluji inapoyeyuka mashimo hayo hujaa maji. Mahali pengine kilomita moja ya mraba ina vidimbwi zaidi ya 30. Vingine hukauka kabla kiangazi hakijafika katikati, na mgeni angevidharau. Kumbe hivyo vidogo ndivyo vinavyopata joto mapema na kujaa wadudu na konokono, na bata jike anayejiandaa kutaga ahitaji chakula hicho kuliko nafaka. Tena kila jozi hupenda kidimbwi chake, mbali na macho ya wenzao. Wala maji peke yake hayatoshi. Wengi wa bata hao hutaga katika majani, pengine kilomita nzima kutoka majini, na mama huwaongoza vifaranga kwa miguu mpaka kwenye maji. Majani yakibaki ukanda mwembamba tu kando ya shamba, mbweha hupita humo kama mtu apitaye sokoni, akichagua. Yakadiriwa ya kwamba nusu ya bata wa Amerika ya Kaskazini, au zaidi, huzaliwa katika nchi hii.

Sasa tumtazame mkulima, maana yeye hutajwa kwa haraka, na mara nyingi kwa lawama. Trekta lake ni kubwa. Kila kidimbwi humlazimu kuzunguka, na kila mzunguko ni mafuta na wakati. Akichimba mfereji au akifukia mabomba chini ya udongo, maji huondoka, naye huvuna mahindi au soya pale pale. Huko Iowa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za vinamasi vya namna hii zimekwisha kukaushwa. Waliofanya hivyo hawakuwa watu waovu. Walikuwa na benki ya kulipa na watoto wa kusomesha, na kwa miaka mingi serikali yenyewe iliwasaidia kwa fedha kukausha.

Ukame mkubwa wa miaka ya 1930 ndio ulioamsha watu, kwa kuwa bata walipungua sana. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kwamba kila mwindaji wa bata anunue stempu, ambayo siku zile ilikuwa dola moja, na fedha hizo zitumike kununua makao ya ndege. Mwaka 1958 sheria hiyo ikapanuliwa. Tangu hapo mkulima aweza kulipwa mara moja, akabaki na shamba lake, akalisha ng'ombe wake, ila anatia sahihi kwamba kidimbwi hakitakaushwa, hakitajazwa udongo wala kuchomwa moto. Baadaye ikaja mikataba ya majani pia: yasilimwe, wala yasikatwe kabla ya tarehe 15 Julai, ili mayai yaanguliwe. Na mikataba hii ni ya milele. Atakayenunua shamba, au kulirithi, anairithi pamoja nalo.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Jimbo la North Dakota, ambalo magavana wake walikuwa wameridhia ununuzi huo, lilitunga sheria mwaka 1977 za kuubana, na mojawapo ilisema mkataba usipite miaka 99. Kesi ikaenda hadi juu, na mwaka 1983 mahakama ikaamua kwamba jimbo haliwezi kurudi nyuma katika ridhaa liliyokwisha kuitoa.

Sheria ilikwisha kusema. Lakini dhamiri je? Kuna atakayemkumbuka Nabothi na urithi wa baba zake, aseme kwamba mwenye fedha hana haki ya kuingiza mkono katika shamba la wasiozaliwa. Hoja hiyo ina uzito. Bei ilipangwa na babu, fedha zilitumiwa na babu, na mjukuu ndiye anayezunguka kidimbwi.

Lakini tusisahau kuuliza habari za babu yule mwingine, aliyekausha. Je, yeye hakumfunga mjukuu? Alimfunga bila sahihi, bila shahidi, wala bila malipo kwa majirani wa chini ya mto wanaopokea maji ambayo zamani yalituama. Ni kweli kidimbwi chaweza kurudishwa kwa kuziba mfereji. Majani ya asili yakishapigwa plau hayarudi kama yalivyokuwa, hata ukipanda mbegu kwa bidii. Nionavyo mimi, mkataba ni neno la watu, na watu wakitaka waweza kutunga sheria ya kuulegeza. Bali plau haina sheria ya kuilegeza. Anayeogopa neno "milele" yampasa aliogope pande zote mbili.

Linalonisumbua zaidi ni mwindaji. Yeye ndiye aliyelipa, naye alilipa ili apate cha kupiga risasi. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha hesabu ya ndege wa Marekani na Kanada tangu 1970: bata na mabata bukini wameongezeka kwa zaidi ya nusu, na ndege wadogo wa mbugani, ambao hakuna awawindaye, wamepungua kwa zaidi ya nusu. Basi upendo wa namna hii huona kile tu unachokula? Karibu ni hivyo. Hata hivyo majani yaliyonunuliwa kwa stempu hayamwulizi ndege kama ana nyama. Shomoro wa mbugani hutaga humo humo bila kulipiwa.

Mwaka 2023 mahakama ile ile iliamua kwamba sheria ya maji safi ya taifa haivigusi vinamasi visivyoungana na mito, navyo vidimbwi vingi vya mbugani ni vya namna hiyo. Stempu sasa ni dola 25. Kwa maoni yangu wasiowinda pia, walaji wa mkate wa ngano ile, wangestahili kuinunua, ili mkulima anayeombwa kutia sahihi alipwe bei ambayo mjukuu wake hataionea haya.