Dufu, Wimbo na Neno la Kweli Katika Arusi

Kijana mmoja aliyeingia katika Uislamu si zamani ameeleza shida yake hivi. Amepata mchumba, wazazi wa pande zote mbili wameridhia, mahari imeafikiwa na siku imewekwa. Lakini mama yake mzazi, ambaye angali Mkristo, amemwuliza: "Mwanangu, nimekulea nikiingoja siku hii nije nikuimbie. Sasa dini yako yataka nikae kimya kama niliye matangani?" Kijana hakuwa na jibu. Wakati huo huo rafiki zake wamekwisha kuchanga fedha za kukodi bendi, na jirani yake mmoja Mwislamu amemwambia kwamba kila sauti ya ngoma ni haramu. Basi anauliza: katika arusi yake iingie sauti gani, na ipi ibaki nje?

Ndugu msomaji, swali hili si dogo, wala halitoshelezwi kwa kusema "ruhusa" au "marufuku" tu. Kila anayeingia katika Jumuiya ya Ahmadiyya hukubali masharti kumi ya baiati yaliyotangazwa na Seyidna Ahmad a.s. mwaka 1889. Katika sharti la sita mtu huahidi kuziacha mila zisizopatana na Uislamu, kutofuata matamanio ya nafsi, na kujiweka chini ya amri ya Kurani Tukufu. Na mila za mtu hazionekani mahali popote kwa wazi kama katika arusi na matanga. Aliyeahidi mambo haya msikitini huja kupimwa nayo uwanjani, mbele ya jamaa zake.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili: nikaha yenyewe, na furaha inayoifuata. Nikaha ni ahadi. Msomaji wa khutba husoma aya za Kurani Tukufu (4:2, 33:71-72, 59:19), na ndani ya aya hizo waumini wanaamriwa mara tano wamche Mwenyezi Mungu. Kisha hutajwa mahari, huulizwa ridhaa za pande zote mbili, na watu huomba dua. Hapa hapana wimbo wala ala. Si kwamba furaha imekatazwa. Ni kwamba watu wawili wanafunga mapatano mazito mbele ya Mola wao, na neno linalosemwa lapaswa kusikika peke yake.

Wenzetu waliotoka katika Ukristo huona jambo hili kuwa geni, maana wamezoea kwamba bibi arusi hawezi kuingia bila muziki. Lakini na watazame asili ya muziki huo. Ule wa kuingilia unaopigwa katika makanisa mengi umetoka katika mchezo wa kuimba wa Mjerumani Wagner, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1850. Na katika mchezo huo ndoa yenyewe huvunjika usiku ule ule. Ule wa kutokea ulitungwa na Mendelssohn mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare, nao ulienea baada ya kupigwa katika arusi ya binti mkubwa wa Malkia Victoria huko London mwaka 1858. Hatusemi haya kwa dharau. Twataka kuonyesha tu kwamba jambo ambalo watu hulidhani kuwa sehemu ya ibada pengine ni desturi iliyotoka jukwaani. Mwenye kuiacha hakupoteza kitu katika dini yake.

Sasa tuje kwenye furaha. Je, Uislamu umeinyamazisha? La hasha! Imesimuliwa katika Sahihi Bukhari kwamba Bibi Aisha r.a. alimpeleka bibi arusi kwa mume wake aliyekuwa katika Maansari, na Mtukufu Mtume s.a.w. akamwuliza kama hawakuwa na kiburudisho chochote, kwa kuwa Maansari hupenda kuburudishwa. Katika hadithi nyingine ametufundisha kwamba ndoa itangazwe, na kwamba kinachoitenga halali na haramu ni dufu na sauti za watu katika nikaha. Dufu ni ngoma iliyowambwa ngozi upande mmoja. Hekima yake ni wazi. Jambo la haramu hujificha, bali ndoa hutaka kujulikana. Katika mji usiokuwa na ofisi ya kuandikisha ndoa, sauti ile ndiyo iliyokuwa hati: kila jirani alijua kwamba fulani ni mke wa fulani, na hapana aliyeweza baadaye kuikana heshima ya mwanamke yule au nasaba ya mtoto wake.

Basi kazi ya ngoma ya arusi ni kutangaza. Tukilishika jambo hili, swali letu lageuka. Hatuulizi tena tu kama sauti inaruhusiwa. Twauliza, sauti hii yatangaza nini?

Jibu lake tunalo katika tukio alilolisimulia Bibi Rubayyi binti Muawwidh r.a. Siku ya arusi yake Mtukufu Mtume s.a.w. aliingia nyumbani, na wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwaimba wazee wao waliouawa katika vita vya Badri. Mmoja wao, alipomwona Mtume, aliingiza maneno ya kwamba miongoni mwao yupo Nabii ajuaye yatakayokuwa kesho. Hapo Mtukufu Mtume s.a.w. alimwambia aache maneno hayo, na aendelee na yale aliyokuwa akiyasema kwanza.

Tulitazame tukio hili kwa makini. Hakuinyamazisha dufu. Hakuwafukuza wasichana. Hakukataza hata kuwakumbuka wafu siku ya furaha. Alitoa jambo moja tu, nalo lilikuwa sifa yake mwenyewe! Msichana yule alikusudia kumheshimu, lakini alisema lisilo kweli, kwa kuwa ujuzi wa kesho ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Naye aliyekuwa na haki zaidi ya kusifiwa kuliko wanadamu wote hakukubali asifiwe kwa uongo, hata katika wimbo, hata arusini.

Sasa tujipime sisi. Pwani yetu ina sanaa kubwa ya nyimbo za arusi. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928, aliimba kwa Kiswahili, na baadhi ya nyimbo zake zilisema juu ya dhuluma zilizowapata wanyonge. Lakini katika arusi nyingi taarabu imekuwa uwanja wa mipasho. Mwanamke huinuka na noti mkononi, humtunza mwimbaji, na huku akicheza humkabili mwenziwe ambaye wimbo umemlenga. Watu hupiga vigelegele, na aliyepigwa kijembe hurudi kwake analia. Mahali pengine mwimbaji hulitaja jina la kila mwenye fedha na kumpamba kwa sifa asizokuwa nazo, na asiye na noti hatajwi. Je, ngoma hiyo yatangaza ndoa, au yatangaza uadui na mali?

Miongoni mwa aya zile zinazosomwa katika nikaha, moja (33:71) inawaamuru waumini waseme neno lililonyoka, lisilokuwa na kombo. Ni ajabu iliyoje kwamba mchana aya hii isomwe mbele ya watu wote, na usiku watu wale wale wakusanyike kuufurahia usemi wa mafumbo uliotungwa kwa makusudi ya kuumiza!

Wako wasemao: "Ni siku moja tu." Lakini deni la siku hiyo si la siku moja. Kurani Tukufu inawasifu wale ambao wakitoa hawafanyi israfu wala uchoyo, bali hushika njia ya katikati (25:68). Mtukufu Mtume s.a.w. alimwagiza Abdurrahman bin Auf r.a. afanye karamu ya walima japo kwa mbuzi au kondoo mmoja, na ameitaja kuwa karamu mbaya kabisa ile ambayo matajiri hualikwa na maskini huachwa. Ikiwa fedha za bendi zingewalisha majirani wasioalikwa, basi bendi hiyo imepigwa kwa chakula chao.

Kwa upande wa pili wako waonao kwamba ucha-Mungu ni kununa. Hao nao wakumbuke kwamba siku ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha r.a., na Hazrat Abubakar r.a. alipotaka kuwazuia, Mtukufu Mtume s.a.w. alimwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao. Kuifanya dini kuwa nzito kuliko alivyoifanya mwenyewe Mtume si kuiheshimu dini.

Basi tumjibu nini kijana wetu? Kwa rafiki zake na awaendee mapema, kabla fedha hazijalipwa, awashukuru kwa upendo wao, na awaombe mchango huo uingie katika chakula. Awaeleze waziwazi kwamba arusi yake haitakuwa na dansi la wanaume na wanawake pamoja, wala nyimbo za mapenzi zisizo na haya. Baadhi yao huenda wasije. Hilo ni jambo la kuumiza, nasi hatutamficha. Lakini heri kulijua leo kuliko kuianza nyumba yake kwa kulitangua sharti aliloliahidi.

Na mama? Kurani Tukufu inamwamuru mtoto akae na wazazi wake kwa wema, hata ikiwa hawezi kuwatii katika kumshirikisha Mwenyezi Mungu (31:16). Basi na aende akae chini karibu naye, amwambie: "Mama, utaimba." Amwombe amsomee maneno ya nyimbo alizozitunza moyoni miaka yote hiyo. Ataona kwamba nyingi humwombea bibi arusi uzazi na subira, huwataja mababu, huwausia wawili wapendane. Pale wimbo unapoiomba mizimu, au unapomtukana mtu, au unapomsifu mwanadamu kwa sifa za Mungu, amsihi kwa upole aliache neno hilo na aimbe yaliyobaki, kama walivyoelekezwa wasichana wa Maansari. Kisha aimbe pamoja na wanawake wenziwe, na dufu ipigwe, majirani wasikie.

Wala asidhani kwamba kwa kuwa Ahmadiyya ameuaga ushairi na sauti nzuri. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mubashiri wa Jumuiya yetu, ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, kilichotoka mwaka 1954. Kipawa hakikukatazwa, kimetakiwa kiseme kweli.

Siku ile mama atakapoimba, huenda ikawa mara yake ya kwanza kuisikia dini ya mwanawe bila kuhubiriwa. Atakuwa ameona kwamba Mtume wa Kiislamu alipoingia katika nyumba yenye furaha hakuizima, ila aliisafisha.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, na azifanye sauti zinazotoka humo kuwa za kweli, siku ya arusi na siku zote zitakazofuata. Amin.