Je, Uzuri wa Jahazi Wafuta Uchafu wa Pwani?

Ndugu Waislamu, tangu zamani za mababu zetu watu wa mwambao huunda vyombo vyao kwa mbao. Lakini mwezi wa Septemba 2018, huko Lamu, kilishushwa majini chombo cha namna nyingine: jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa tani zipatazo 10 za plastiki iliyokwisha kutupwa, na mbavuni likapambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000 za kila rangi. Mapema mwaka 2019 likatweka tanga mpaka Unguja, mwendo upatao kilomita 500, likiwaonyesha watu wa pwani kile wakitupacho wenyewe.

Wako wasemao kuwa huo ni mchezo tu. Na wako wasemao kinyume: madhali taka zaweza kuwa pambo zuri hivi, hapana ubaya mkubwa kuzitupa. Kauli zote mbili ni makosa, na ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Ama wale wa kwanza, na wajue kwamba mtu huuzoea uchafu wa mlangoni mwake hata akawa hauoni tena. Ndara moja mchangani haimshitui mtu. Ndara 30,000 mbavuni mwa jahazi humsimamisha akauliza zimetoka wapi. Huo si mchezo.

Ama wale wa pili, na wamfikirie kasa. Mfuko wa plastiki ueleao majini hufanana na yavuyavu, naye hula yavuyavu. Huumeza, ukamziba matumbo, ukamjaza hewa, akawa aelea tu, hawezi kuzama kutafuta riziki yake, na huenda akafa. Mnyama huyo hana ulimi wa kutushitaki. Je, pambo la jahazi litamfufua?

Dini yetu imehisabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika imani, na bahari ni njia yetu na ya viumbe wengi. Basi kuwasifu mafundi wa Lamu na huku twatupa taka mtaroni, ni kama kuisifu sauti ya muadhini kisha tusende kuswali. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi wa Agosti 2017. Lakini askari hasimami katika kila jiko. Hapo asimamaye ni mwenye nyumba, naye ndiye atakayeulizwa.