Baba Akisema "Nenda"

Jumapili mbili zilizopita, tukitoka ibada ya pili, dada mmoja alinivuta kando pale mlangoni. Amepata kazi mbali na hapa. Mama yake ni mgonjwa wa presha na anaishi peke yake, lakini mama mwenyewe amemwambia, nenda mwanangu, usinifikirie. Akaniuliza, "Pasta, nikienda nimemtii ama nimemtupa?" Nilimwambia tutaliombea. Tuliomba, ndiyo, lakini nikiri kwamba nilikuwa nakwepa. Swali lake ndilo limenikalia kifuani tangu Julai ya mwaka jana.

Wengi wenu mnakumbuka ile mbio yetu ya kuchangia karo. Mpango ulikuwa tupande vilima vya Ngong, tukimbie juu ya mgongo wa vilima kutoka upande wa Ngong mpaka Kona Baridi, turudi, halafu turudie tena. Safari moja ni karibu kilomita 11, kwa hivyo nne zinafika 44. Maratoni ni kilomita 42 na mita 195, na chochote kinachozidi hapo watu wa riadha wanakiita ultramaratoni. Basi na sisi wa Ewuaso tukawa wakimbiaji wa ultramaratoni, japo wengi tulitembea kuliko kukimbia.

Julai si mwezi wa kuchezea huko juu. Sisi huku bondeni tumezoea joto na vumbi, na tukisema baridi tunamaanisha ile ya alfajiri inayoisha jua likipanda. Vilima vya Ngong vinafika karibu mita 2,460, na zile mitambo za upepo hazikuwekwa pale bure. Siku hiyo ukungu haukuondoka. Kuna wakati nilisikia mapanga ya mtambo yakizunguka juu ya kichwa changu na sikuyaona.

Baba yangu ana miaka 63. Alisema atakimbia na mimi, na hakuna aliyeweza kumzuia. Mtu ambaye katika ule ukame wa 2022 alitembeza ng'ombe siku nyingi akitafuta nyasi, utamwambia nini kuhusu kilomita 44? Alikuja na akala zake na shuka moja. Safari mbili za kwanza alinishinda. Mimi nilikuwa nahema, yeye anasimulia habari za fahali wa 1984.

Safari ya tatu goti likakataa. Tulikuwa tumefika kama kilomita ya 28, mahali pa wazi kati ya kilima na kilima ambapo upepo unakupiga ubavuni. Alikaa kwenye jiwe, akalikandakanda, akajaribu kusimama, akakaa tena. Nikamwambia, "Baba, tuteremke." Akasema, "Wewe nenda. Umalize. Watoto wa watu wanangoja karo." Askari wa msitu tuliyekuwa naye akasema atabaki na mzee. Nikaenda.

Mnajua nilisoma mambo ya biashara chuoni, na akili yangu hukimbilia hesabu hata nisipoituma. Walioniahidi walikuwa wamefikisha shilingi 800 kwa kila kilomita. Zilibaki kilomita 16. Hiyo ni 12,800. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimesimama mbele ya baba yangu, kabla hata hajamaliza kuniambia niende. Na tusidanganyane, pesa hizo zilifanya kazi. Kuna kijana alifanya mtihani wa kidato cha nne kwa sababu yake. Kwa hivyo sisemi nilifanya dhambi. Ninauliza tu nilifanya nini.

Nikitafuta katika Maandiko, jambo la kwanza linalonishtua ni Orpa. Sisi wahubiri tunampita haraka tukikimbilia Ruthu. Lakini Naomi aliwaambia wakwe zake wote wawili warudi makwao, na akawasihi. Aliyetii ni Orpa! Alilia, akambusu mama mkwe wake, akarudi kama alivyoambiwa, na Biblia haimwandikii neno moja baya. Aliyekataa amri ndiye tunayewapa mabinti wetu jina lake. Halafu soma 2 Wafalme 2. Eliya anamwambia Elisha abaki Gilgali, anakataa. Anamwambia abaki Betheli, anakataa. Anamwambia abaki Yeriko, anakataa tena. Mara tatu anamkatalia mtu ambaye baadaye atamlilia akimwita baba. Kama ni utii wa mdomo tu, Elisha ni mtoto mkaidi.

Mtoto mdogo akiambiwa "nenda dukani" anaenda. Mtu mzima akiambiwa "nenda" na mzazi aliyekaa kwenye jiwe kwa baridi, lazima asikie pia kile ambacho hakikusemwa. Mzazi wetu wa huku hawezi kukuambia "baki, naogopa." Hajafunzwa hivyo. Atakuambia uende kwa sababu anakupenda, na kwa sababu hataki kuwa mzigo, na kwa sababu anaona aibu kidogo. Haya yote yamo ndani ya neno moja, na sisi tunachukua lile linalotufaa.

Lakini ngojeni, msiniharakishe. Kuna "nenda" ya kweli pia. Nawajua wazazi, na wengine mnasoma haya sasa hivi, ambao wamemkalisha mtoto wa miaka thelathini nyumbani kwa kuugua kila anapopata nafasi ya kuondoka. Mzazi anayesema nenda na akamaanisha ametoa sadaka kubwa, na kubaki kwa nguvu ni kumrudishia sadaka yake usoni. Wanakijiji wetu walioenda Nairobi, Qatar, hadi Marekani, wengi walisukumwa na "nenda" kama hiyo.

Kule Afrika Kusini kuna mbio inaitwa Comrades, karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Ilianza 1921. Aliyeianzisha, Vic Clapham, alikuwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na alitembea huku kwetu Afrika Mashariki wakilifukuza jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck. Alitaka mbio ngumu ya kuwakumbuka wenzake waliokufa. Watu 34 walianza ile ya kwanza, 16 wakamaliza. Siku hizi wanapewa masaa 12, na yakiisha afisa mmoja anapiga bunduki akiwa amewapa mgongo wakimbiaji, asione ni nani amebakisha hatua mbili. Naielewa sheria hiyo. Refa lazima ageuze mgongo. Mimi sikuwa refa.

Na mnamkumbuka Derek Redmond, yule Mwingereza wa Olimpiki ya Barcelona, 1992? Nusu fainali ya mita 400, msuli wa paja ukakatika, akaanza kuruka kwa mguu mmoja. Baba yake, Jim, akapita walinzi, akaingia uwanjani, wakamaliza wamekumbatiana. Kwenye rekodi imeandikwa hakumaliza. Hakuna mtu anayemkumbuka aliyeshinda nusu fainali ile. Mimi nimemaliza, jina langu liko kwenye orodha ya kanisa, kilomita 44 kamili.

Yakobo alipokutana na Esau, alimwambia atangulie, yeye atakuja polepole, kwa mwendo wa mifugo na watoto (Mwanzo 33). Mfugaji yeyote wa hapa anaelewa: ukiwakimbiza siku moja, wanakufa. Ingawa ukisoma mbele kidogo utaona Yakobo alikuwa pia anamkwepa kaka yake, maana alimwambia anaenda Seiri akaishia Sukothi. Hata mwendo wa polepole unaweza kuwa ujanja. Hilo la kwangu nimelipima pia: kama ningebaki, ingekuwa kwa ajili yake, ama kwa sababu nilikuwa nimechoka?

Nilifika getini saa kumi na moja na nusu jioni. Watu walipiga makofi. Baba alikuwa ndani ya Probox, ameshushwa zamani upande wa Kona Baridi na kuzungushwa kwa barabara. Mama alikuwa amemshikia kikombe cha chai, kwa sababu mikono yake ilitetemeka hata hakiwezi. Akaniangalia. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Basi."

Ndipo nikaona mama ananiangalia kiunoni. Jaketi langu zito, lile nilinunua mtumba Gikomba, nilikuwa nimelifunga kiunoni tangu saa nne asubuhi kwa sababu kukimbia kulinipasha joto. Nilikimbia nalo kilomita 16 zote zile likinipigapiga miguuni. Nimefikiri miezi hii yote kuhusu kwenda na kubaki, na hilo la jaketi halikuhitaji hata kufikiri.

Mwezi uliopita nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini hakuniomba. Tulikuwa zizini, anahesabu mbuzi, hakuinua kichwa.

"Ulikuwa umeshaanza kukimbia," akasema, akaendelea kuhesabu.