Zawadi ya Karatasi



Kuna kazi ndogo ya mikono iliyoingia nyumbani kwetu miaka michache iliyopita, nayo imetuachia swali ambalo hatujamaliza kulijibu. Kazi yenyewe ni kuviringa karatasi. Waingereza huiita kwilingi, jina linalofungamana na shina la unyoya wa ndege, kwa kuwa hapo zamani vipande vya karatasi vilizungushwa juu ya shina hilo. Sisi hatukuwa na unyoya. Tulitumia chelewa ya ufagio, nayo ilitosha.

Anayeanza huchukua karatasi ya rangi, au kalenda ya mwaka uliopita, akaikata kwa wembe na rula kuwa vipande vyembamba vya upana wa milimita 3 au 4 hivi. Kila kipande huzungushwa juu ya kijiti mpaka kiwe duara dogo lililokazana, kisha huachwa kilegee kidogo, na ncha yake hugandishwa kwa gundi. Duara hilo likibanwa kwa vidole upande mmoja, hupata umbo la tone la maji; likibanwa pande mbili, huwa kama jicho au jani. Matone matano yakipangwa pamoja ni ua. Ndiyo yote. Hapana siri nyingine isipokuwa subira, na mwanga mzuri wa taa.

Siku hizo binti tuliyemsimamia katika ubatizo wake alikuwa karibu kufunga ndoa. Mmoja wetu akaazimia kumtengenezea picha ya maua ya karatasi. Kila jioni, vyombo vilipokwisha kuoshwa, aliketi mezani akaviringa. Kazi ilichukua majuma saba. Katikati aliweka herufi za kwanza za majina ya bwana na bibi arusi, na chini yake tarehe ya ndoa, kisha akaizungushia maua na majani pande zote. Ilipotiwa katika fremu, hata watoto walinyamaza kuitazama.

Lakini siku ya arusi ilipokaribia, mwingine wetu akauliza, "Hivi kweli tutasimama mbele ya watu na karatasi?" Maana twajua sote jinsi mambo yalivyo. Zawadi hupelekwa mbele kwa ngoma na vigelegele, na kila mtu huona nani ameleta nini. Wasimamizi wa ubatizo waje na karatasi! Watu watasema nini? Tukabishana siku mbili. Siku ya tatu tukakopa fedha, tukanunua seti kubwa ya sufuria, na picha ikawekwa juu ya kabati, uso wake umeelekea ukutani. Deni lile lilituchukua miezi minane kulimaliza, na katikati yake mtoto wetu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Ndipo lilipozaliwa swali letu: je, zawadi hupata wapi thamani yake?

Methali ya kujibu swali hili iko midomoni mwetu sote: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nasi tuliisema, hali tukiwa njiani kwenda kukopa. Na wahenga waliokwisha kutuonya kwamba kukopa arusi ni kulipa matanga, nao tuliwapita tu kama watu tusiowafahamu. Basi si elimu iliyotupungukia. Yatupasa kutafuta mahali pengine kosa lilipo.

Tuanze na haki ya upande wa pili, maana aliyetaka sufuria hakuwa mtu mbaya. Alisema hivi: "Nyumba mpya yahitaji chombo cha kupikia. Ua la karatasi halichemshi maji. Kumpa mtu kitu kisichomfaa kwa sababu tu sisi tumefurahia kukitengeneza, huo nao si ubinafsi?" Neno hili ni zito. Wapo watu ambao hupenda kazi ya mikono yao kuliko wampendavyo yule watakayempa. Na saa zetu si zetu peke yetu. Mwenye kuviringa karatasi jioni nzima, huku jirani mgonjwa angojea kutazamwa, asijidanganye kwamba anafanya jambo jema kwa kuwa vidole vyake havikai bure. Sisi wenyewe, katika majuma yale saba, tuliwahi kumwambia mgeni kwamba tuna kazi, akageuka mlangoni na kwenda zake. Nayo kazi ilikuwa jani moja la kijani.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kitu kilichotengenezwa kwa mkono ni bora sikuzote kuliko kilichonunuliwa. Kuna riwaya ya mwandishi Mwingereza Jane Austen, *Sense and Sensibility*, iliyotolewa mwaka 1811, ambayo yatuonyesha jambo hili waziwazi. Msichana mmoja, Lucy Steele, anamtengenezea kikapu cha karatasi za kuviringa mtoto wa bibi tajiri anayemkaribisha. Mtoto yule amedekezwa mno, na Lucy hamfanyii kazi kwa upendo. Anatafuta kibali cha mama yake. Naye Elinor anajitolea kumsaidia kuviringa karatasi, si kwa kupenda kikapu, bali apate kuzungumza naye faraghani juu ya mwanamume ambaye wote wawili wanamtaka. Wanawake wawili wanaketi meza moja, karatasi mikononi, na kila mmoja ana lake moyoni. Karatasi haikuwatakasa nia zao.

Wala kazi hii haikuwa ya watu wa chini nyakati zile. Mwaka 1791 fundi wa samani wa jumba la kifalme, Charles Elliott, alimpelekea Elizabeth, binti wa Mfalme George wa Tatu, aunsi 15 za karatasi ya kuviringa, pamoja na kisanduku cha majani ya chai kilichoundwa tayari kwa kupambwa. Kwake yeye na mabibi wa tabaka lake ilikuwa njia ya kupitisha siku ndefu. Hatuwahukumu. Twataka tu kuonyesha kwamba kazi hiyo hiyo, kwa vidole vile vile, yaweza kuwa mchezo wa mtu aliyeshiba.

Na yaweza pia kuwa chakula. Huko Kireka, kando ya jiji la Kampala, katika mtaa uitwao Acholi Quarters, walikaa watu waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda. Wanawake wengi wao walipasua mawe katika machimbo ya hapo kwa ujira mdogo. Kisha wengine wakajifunza kukata karatasi za magazeti na kalenda kuwa pembe tatu ndefu, kuziviringa ziwe shanga zilizonenepa katikati, na kuzipaka vanishi zing'ae. Shanga hizo zimevuka bahari kwenda kuuzwa, na fedha zake zimelipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Anayesema kwamba kuviringa karatasi ni mchezo wa kitoto, na aende akawaambie mama wale.

Basi ikiwa karatasi ile ile ni hila kwa Lucy, burudani kwa binti mfalme, na mkate kwa mama wa Kireka, ni dhahiri kwamba thamani haimo katika karatasi, wala haimo katika mkono peke yake. Yatubidi tuulize: kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nani? Na swali hili hili latupasa kulielekeza kwenye sufuria zetu.

Tulipojiuliza kwa unyofu, tuliona aibu. Kama tungalifikiri kwamba binti yule atakosa chombo cha kupikia, tungalimnunulia sufuria moja nzuri kwa fedha tuliyokuwa nayo, tukampa pamoja na picha, na mambo yangalikwisha. Lakini hatukuogopa kwamba yeye atakosa. Tuliogopa macho ya watu. Seti ile kubwa hatukumnunulia bibi arusi. Tuliwanunulia wageni walioketi ukumbini, ambao kesho yake hawakuikumbuka tena.

Hapa wanatusaidia watu wengine wa zamani. Huko Ufaransa, katika karne ya 17 na ya 18, watawa wa kike wa mashirika mbalimbali, kama Wakarmeli na Waursula, walipamba visanduku vya masalio ya watakatifu kwa karatasi za kuviringa. Tusigombane hapa juu ya masalio. Tutazame kazi yao. Masonara hufanya mapambo ya nyuzi nyembamba za dhahabu zilizopindwapindwa. Dhahabu ni ghali. Watawa walikata vipande vya karatasi ambavyo ukingo wake tu umetiwa rangi ya dhahabu, wakaviviringa na kuvisimamisha kwa ubavu, na kwa kuwa jicho huona ule ukingo tu, kazi nzima ilimeremeta kama ya sonara.

Mtu aweza kuuliza: je, huo si uongo? Karatasi inajifanya dhahabu! Nasi tuliliwaza hilo kwa muda mrefu. Tuonavyo, si uongo, kwa sababu mbili. Kwanza, hawakumwambia mtu kwamba ni dhahabu. Kila asogeaye karibu aona kwamba ni karatasi, na akiisha kuona, hustaajabia zaidi, wala hajisikii amedanganywa. Pili, kile walichotoa kilikuwa chao kweli. Saa zile walizikaa, vidole vyao ndivyo vilivyochoka.

Sasa tulinganishe na sisi. Tulipokopa, tulitoa nini? Mkopo ni saa za kesho ambazo mtu ameziuza leo. Tulitoa kazi ya miezi minane ambayo hatujaifanya bado, na sehemu ya masomo ya mtoto ambaye hakuulizwa. Tukasimama mbele ya watu tukionekana wenye uwezo, hali uwezo ule haukuwako. Aliyesogea karibu na sufuria zetu hakuweza kuliona deni. Basi karatasi ya watawa haikujifanya dhahabu. Sufuria zetu ndizo zilizojifanya.

Mwaka ulipopita, binti yule alikuja kututembelea na mwanawe mchanga mgongoni. Tulikuwa tumeiteremsha picha kutoka juu ya kabati kuipangusa vumbi, tukaisahau mezani. Akaitazama kitambo, kisha akasema polepole, "Mama, hii si tarehe yetu?" Hatukuwa na la kusema. Picha yenye herufi na tarehe za watu wawili haiwezi kusingiziwa mtu mwingine. Ikabidi tumweleze yote, pamoja na deni. Hakucheka, wala hakutulaumu. Akauliza tu, "Na majuma yote hayo saba mlikuwa mkinifikiria mimi?" Tukaitikia kwamba ndivyo. Akaifunga picha ndani ya kanga, akaenda nayo.

Hatusemi haya ili watu waache kununua zawadi. Sufuria zile zingali zapika mpaka leo, wala hatujasikia zikilaumiwa. Wala hatusemi kwamba kila nyumba iviringe karatasi. Mwingine ana mkeka wa kusuka, mwingine kuku wa kufuga, mwingine miguu ya kumfikia mgonjwa. Twasema hivi tu: kabla ya kutoa, tujiulize zawadi hii yamtazama nani. Ikiwa yamtazama yule atakayeipokea, haidhuru ni ya karatasi au ya chuma. Ikiwa yawatazama waliosimama kando, hata ikiwa ya dhahabu tupu, huyo tuliyemletea bado hajapewa kitu.

Na kwa yeyote atakayependa kujaribu kazi hii, maneno machache. Gundi iwe kidogo sana, maana ikizidi hulainisha karatasi na kuacha doa. Picha ikaushwe vizuri kabla ya kutiwa katika fremu, na isitundikwe ukuta wenye unyevu. Watoto wapewe kazi ya kuviringa, wakubwa wakate kwa wembe. Na mgeni akibisha hodi, weka jani chini, ukafungue mlango.