Kabla Hujalibeba Sanduku Lako

Mjukuu wangu,

Mama yako alinipa simu yake nikausoma ujumbe wako mwenyewe. Unauliza uje nyumbani usomee huku kwa vitabu na simu hadi mtihani, au uachie hapo kidato cha tatu umfuate binamu yako Nairobi. Sitakukemea. Nimefundisha Nyamira, nikafundisha Kisii, na ninajua kwamba mtoto wa miaka kumi na saba hawazi kuacha shule kwa uvivu mtupu. Ana jambo. Nitalifikia, lakini kwanza nikuonyeshe umesimama wapi, maana naona hakuna aliyekuambia.

Ulifanya KCPE mwaka wa 2023, ile ya mwisho kabisa. Darasa lenu ndilo linalofunga mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, na KCSE yenu imepangwa kuwa mwaka wa 2027. Zamani kijana akitoka kidato cha tatu, akakaa nyumbani mwaka mzima akichuma majani chai, angeweza kurudi Januari akaketi na darasa lililomfuata. Nimewapokea wengi hivyo, wengine ndevu zimeshaota, na walimaliza. Wewe huna darasa linalokufuata. Walio nyuma yako waliingia Gredi ya Kumi Januari 2026, wameshagawanywa kwa mikondo, wana vitabu vingine na mtihani mwingine. Ukikosa mwaka mmoja sasa, dawati ulilokuwa umekalia halipo tena. Ndiyo maana nakuandikia kwa haraka, wala si kwa sababu ya aibu ya ukoo au maneno ya majirani.

Tuanze na kusomea nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane yuko shuleni. Asipofanya hivyo bila sababu ya maana, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Mwaka wa 2019 mzazi mmoja magharibi mwa nchi alishtakiwa kwa kuwafundishia watoto wake nyumbani, na jambo hilo likafikishwa hadi Mahakama Kuu. Zipo familia, hasa Nairobi, zinazosomesha nyumbani kwa mtaala wa Cambridge au ule wa Kikristo uitwao ACE. Lakini familia hizo zina mzazi anayeshinda nyumbani akifundisha, zina intaneti isiyokatika, na zina fedha za kulipia mtihani somo baada ya somo. Baba yako anatoka saa kumi na moja alfajiri. Mama yako yuko shambani, kisha kituo cha kununulia majani, kisha Keroka siku ya soko. Nani atakuuliza jioni umesoma nini?

Usidhani nadharau kujisomea. *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege unaweza kuisoma chini ya mgomba ukaielewa kuliko aliyeisoma darasani akisinzia. Historia utaisoma peke yako, Dini pia. Hisabati inawezekana ukiwa na mtu wa kukusahihishia, maana kosa usiloonyeshwa linazoeleka. Ila Kemia karatasi ya tatu ni maabara. Utapima asidi na besi kwa chupa gani hapa Nyamira kwenye jiko letu? Biolojia ni vivyo hivyo, na Fizikia. Nimesahihisha karatasi za vijana walioyakariri majaribio kitabuni bila kushika kifaa hata siku moja, na mtu anawajua kwa mstari wa kwanza.

Isitoshe, mtihani una rejista. KNEC husajili watahiniwa wa kujitegemea pia, katika vituo maalumu, lakini lazima mtu ajisajili mwenyewe kwa wakati, alipe mwenyewe, ajue kituo chake, ajue masomo ambayo kituo kinayapokea. Usajili hufanyika mapema katika mwaka wa mtihani, na ukifungwa umefungwa. Mwanafunzi wa shule husajiliwa na shule yake hata siku anayoumwa. Anayekaa nyumbani akisahau, hakuna atakayemkumbusha.

Unakumbuka mwaka wa 2020. Machi serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya korona. Madarasa machache, kidato cha nne wakiwemo, yaliitwa Oktoba, na wengine wote wakarudi Januari 2021. Nchi nzima ilisomea nyumbani. Vipindi vilikuwa redioni na kwenye runinga, walimu walituma kazi kwa WhatsApp. Wewe ulikuwa mdogo, lakini niliwaona wakubwa wenu kijiji hiki hiki: waliokuwa na mtu wa kuwasimamia walisoma, na wengine walipanda boda boda, wakachuma chai kwa kilo, na wasichana kadhaa wakawa kina mama. Baada ya hapo Wizara ikatoa mwongozo wa kuwarudisha shuleni, na machifu wakazunguka nyumba kwa nyumba. Baadhi hawakurudi. Hawakuwa wajinga. Walikosa tu kengele ya asubuhi na mtu wa kuisikiliza pamoja nao.

Kwa hiyo ukitaka kusomea nyumbani, nionyeshe mambo manne: nani atakufundisha, utafanyia wapi majaribio ya sayansi, kituo gani kitakusajili, na nani atalipa. Ukikosa hata moja, huo si usomaji wa nyumbani. Ni kuacha shule kwa jina la heshima, na ni heri uniambie wazi kwamba unaacha.

Sasa Nairobi. Binamu yako anakuambia utaishi naye Kawangware, utaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao, ulipwe kwa ukurasa. Najua vijana wetu wengi wamelipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo. Ni kazi ya kumfanyia mwingine mtihani wake, na mimi mwalimu siwezi kuibariki. Hata ukiacha upande wa haki, tangu programu za akili mnemba zianze kuandika kurasa kwa dakika moja, wateja wamepungua na bei imeshuka. Unaacha karatasi yako mwenyewe ili uandike ya mtu mwingine, kwenye kazi inayokufa.

Utasema wapo waliofaulu bila cheti. Wapo, na ninawaheshimu. Wachonga mawe wa Tabaka wamelisha watoto wao kwa mawe ya sabuni tangu zamani, na kazi yao imefika Ulaya. Lakini walijifunza ufundi kwa mkubwa wao, miaka mingi, wakiwa na machimbo karibu. Wewe hujanitajia ufundi wowote. Umetaja kuondoka tu. Kama moyo wako uko kwenye mashine, kuchomelea vyuma au umeme, nchi ina njia: chuo cha ufundi cha kaunti, kisha mtihani wa NITA gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza, bila kuuliza KCSE. Ukija na cheti cha KCSE hata kama alama si kubwa, Taasisi ya Ekerubo Gietai hapa Nyamira au Kisii National Polytechnic zitakupa kozi ya ngazi ya juu zaidi. Polisi wakija kuandikisha makurutu, wanaanzia D+. Nimeona vijana wenye miguu ya mbio na kifua kizuri wakirudishwa mezani, kabla hata ya kukimbia, kwa kukosa karatasi moja.

Nije kwenye jambo lenyewe. Nadhani hukichukii kitabu. Ripoti zako si za mtu anayechukia kitabu. Nadhani unachokichukia ni bweni. Kama ni karo, sema ni karo. Mzazi wa shule ya bweni kama yako huku kwetu anatakiwa kulipa shilingi 40,535 kwa mwaka, na bonasi ya chai hulipwa Oktoba wakati deni limeshaanza kukutoa darasani. Naelewa. Kizazi chetu kilisomeshwa na pareto, na pareto ilipokufa niliona madarasa yakipungua. Kama ni mtu anayekuonea, au amekugusa vibaya, mwanafunzi au mkubwa, hilo usiliandike kwenye ujumbe wa kuuliza kuhusu masomo. Nipigie mimi usiku wowote. Ukishindwa kusema nami, piga 116, ni bure, wapo watu wa kusikiliza watoto nchi nzima. Hutaadhibiwa na yeyote wa nyumba hii kwa kusema.

Na ipo njia ambayo hukuitaja kabisa: shule ya kutwa. Tangu mwaka wa 2008 serikali hulipia masomo ya sekondari ya kutwa, shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka katika mpango wa sasa. Wazazi hubaki na chakula cha mchana na sare. Nyingi ya shule hizi zilijengwa na wazee wetu kwa harambee, kwa ndizi na ng'ombe waliouzwa, ili mtoto asilazimike kwenda mbali. Najua mnazicheka huko kwenye bweni. Msizicheke. Utalala kwenye kitanda chako, utakula kwa mama yako, jioni utasoma unavyotaka kwa simu yako, na mchana utakuwa na maabara, mwalimu wa Hisabati na jina kwenye rejista. Unachokitamani katika kusomea nyumbani kinapatikana hapo, bila kumpeleka baba yako mahakamani.

Alama zako zinaweza kushuka muhula wa kwanza. Kuhama kuna gharama yake, na walimu wapya hawakujui. Lakini kuhama kuna utaratibu: barua ya kutoka, nafasi kule unakokwenda, na taarifa zako kuhamishwa kwenye mfumo wa Wizara. Hayo yote hayafanyiki siku moja, na kidato cha nne kikianza walimu wakuu wengi hawapendi kupokea mtu. Kwa hiyo isipite likizo hii.

Nimeshazungumza na baba yako. Hakukasirika kama ulivyoogopa. Jumapili njoo na ripoti zako zote za kidato cha pili na cha tatu, pamoja na nakala ya cheti cha KCPE na cha kuzaliwa. Jumatatu asubuhi tutaenda watatu kuonana na mwalimu mkuu wa shule ya kutwa iliyo juu ya kituo cha majani. Nilifundisha naye. Sanduku liache shuleni kwanza, tutalifuata tukiwa na barua mkononi.